Vifaa vya vituo vya orientiringi

Vifaa vya vituo vya orientiringi ni bendera, nguzo, vitoboleo na visanduku vya kielektroniki ambavyo waandaaji wa mashindano husafirisha na kusimamisha msituni au mjini kabla ya mbio, kisha kuviondoa baada ya mbio kwisha. Orientiringi ni mchezo ambao mshindani hupewa ramani na kutumia dira ili kufikia vituo kadhaa kwa mfuatano uliopangwa, akijichagulia mwenyewe njia ya kupita. Anayemaliza kwa muda mfupi zaidi bila kuruka kituo chochote ndiye mshindi.

Haki ya mashindano hutegemea sana kazi hiyo. Kituo kikiwekwa mahali pasipolingana na ramani, aliyesoma ramani vizuri hupoteza muda, na aliyebahatisha hupata faida. Kosa la namna hiyo linaweza kusababisha matokeo ya mbio kufutwa.

Historia

Mchezo huu ulianza katika nchi za Skandinavia. Shindano la kwanza lililokuwa wazi kwa umma lilifanyika tarehe 31 Oktoba 1897 nchini Norwei, karibu na mji ambao leo huitwa Oslo. Njia yake ilikuwa na vituo 3 tu. Shirikisho la Kimataifa la Orientiringi (IOF) liliundwa mwaka 1961 mjini Copenhagen, Denmark, na ndilo linalotunga kanuni za mashindano ya kimataifa.

Bendera na namba

Bendera ya kituo ina pande tatu zilizounganishwa kama pembetatu. Kila upande ni mraba wa takriban sentimita 30 kwa 30, uliogawanywa kwa mstari wa mshazari: nusu nyeupe na nusu ya rangi ya machungwa. Umbo hilo huiwezesha bendera kuonekana kutoka upande wowote. Ikikunjwa huwa bapa, hivyo bendera nyingi hubebwa pamoja bila shida. Katika mbio za usiku huongezwa kiakisi mwanga ili ionekane kwa tochi ya kichwani.

Kila kituo huwa na namba yake ya utambulisho, kuanzia 31 na kuendelea. Namba ndogo hazitumiki kwa sababu zingechanganywa na namba za mfuatano (1, 2, 3...) zinazochapwa kwenye ramani. Namba inayoweza kusomeka vibaya ikigeuzwa juu chini hupigwa mstari chini yake. Mshindani hulinganisha namba ya kituo na ile iliyo kwenye karatasi yake ya maelezo ya vituo. Zikilingana, anajua amefika panapotakiwa.

Vifaa vya kuthibitisha

Njia ya zamani ya kuthibitisha kufika ni kitoboleo, yaani kibanio kidogo chenye sindano ambazo hutoboa kadi ya mshindani. Mpangilio wa sindano hutofautiana kati ya kituo na kituo, kwa hiyo matundu ya kadi huonyesha mahali alipopita.

Siku hizi mashindano mengi hutumia mifumo ya kielektroniki. Katika mfumo wa SPORTident, ulioanzia Ujerumani, mshindani huingiza kijiti chenye chipu ndani ya kisanduku cha kituo. Kisanduku hulia na kuwaka taa, kisha huandika namba yake na saa kwenye chipu. Katika mfumo wa Emit, wa Norwei, saa imo ndani ya kadi ya mshindani, na kisanduku hutoa namba ya kituo tu. Tofauti hii hubadilisha kazi ya maandalizi: visanduku vinavyoandika saa lazima vilinganishwe saa zao kabla ya kupelekwa, la sivyo muda wa kati ya kituo na kituo utaonyeshwa kimakosa. Pia vitoboleo vya akiba huweza kufungwa vituoni ili kisanduku kikiharibika mshindani aweze kutoboa ramani yake.

Usafirishaji

Vifaa hupelekwa kwa gari hadi barabara iliyo karibu, kisha hubebwa kwa miguu. Uzito ni jambo la kuhesabiwa mapema. Nondo ya milimita 10 ina uzito wa takriban kilo 0.6 kwa kila mita, kwa hiyo nguzo 20 za mita moja moja hufikia kilo 12, kabla ya kuongeza visanduku, bendera na maji ya kunywa ya mbebaji. Kwa sababu hiyo vituo hugawanywa kwa watu kadhaa, kila mmoja akiwa na eneo lake na ramani yake.

Vifaa hupangwa kwenye mfuko kwa mfuatano wa kusimamishwa: cha kwanza juu, cha mwisho chini. Kisanduku, bendera na namba vya kituo kimoja hufungwa pamoja tangu ghalani, ili pasiwe na kuchagua namba msituni wakati wa mvua au giza.

Usimamishaji

Siku kadhaa kabla ya mashindano, mpangaji wa njia hutembelea kila mahali na kufunga utepe mdogo wenye namba ya kituo. Mkaguzi, ambaye ni mtu mwingine, huenda kwa ramani yake mwenyewe kuhakikisha kwamba utepe uko kwenye jiwe, bonde au kona ya uzio iliyoonyeshwa katikati ya duara la ramani.

Nguzo husimamishwa jioni ya kuamkia mashindano au alfajiri. Kwenye lami hutumiwa nguzo zenye kitako. Kwa mujibu wa kanuni, anayeona mahali palipoelezwa aweze pia kuona bendera. Vituo viwili vya msituni havipaswi kukaribiana chini ya mita 30, ili mshindani asidhani amefika kwenye kituo chake kumbe ni cha njia nyingine. Baada ya kusimamisha, msimamishaji husoma tena namba, hujaribu kisanduku kwa chipu yake, na kuondoa utepe. Vituo vilivyo kwenye hatari ya kuibiwa au kuhamishwa huwekewa mlinzi.

Ukusanyaji

Vituo huondolewa baada ya saa ya kufunga njia. Kila kilichorudishwa huwekewa alama kwenye orodha, ili kusibaki chuma wala plastiki msituni. Kazi hii inahusiana pia na usalama. Orodha ya walioanza hulinganishwa na ya waliorudi, na mtu akikosekana, visanduku vyenye kumbukumbu huweza kusomwa ili kujua kituo cha mwisho alichothibitisha. Hapo watafutaji huanzia kituo hicho na kuelekea kinachofuata, badala ya kutawanyika msitu mzima.