Safura na Hamu ya Kula Udongo

Leo tunazungumzia jambo linalofanywa kwa siri: kula udongo, mkaa au majivu, hasa wakati wa ujauzito. Wengi huona haya kulitaja kliniki. Lakini si jambo geni. Soranus, tabibu wa Kigiriki, aliliandika katika karne ya 2.

Huku kwetu lilikuwa hata na jina. David Livingstone, aliyefariki mwaka 1873, aliandika katika shajara yake kwamba kule Zanzibar ugonjwa wa kula udongo uliitwa safura. Alisema haukuwapata watumwa peke yao, hata matajiri wenye chakula tele waliupata. Miguu ilivimba, mwili ukakonda, mgonjwa akashindwa kutembea kwa kukosa pumzi. Zitazame vizuri dalili hizo, mama. Zinafanana sana na za mtu aliyepungukiwa damu. Na mpaka leo neno safura hutumika kwa maradhi ya minyoo inayonyonya damu.

Baadaye vipimo vilikuja. Mwaka 1998 ilitolewa ripoti ya wajawazito 275 wa Kilifi. Katika kila 100, 56 walikula udongo mara kwa mara, na wengi walipenda ule wa ukuta wa nyumba. Akiba ya madini ya chuma katika damu yao ilikuwa chini kuliko ya wenzao wasiokula.

Sasa, kipi kilitangulia? Hapo wataalamu bado wanabishana. Mwaka 1969 Charles Coltman wa Marekani aliandika juu ya wagonjwa waliotafuna barafu bila kukoma. Walipopewa dawa ya chuma, hamu ikawaisha. Lakini ripoti ya mwaka 2004 kutoka Lusaka ilionyesha kwamba watoto wa shule waliopewa chuma hawakuacha udongo kuliko wasiopewa. Tena udongo wa aina fulani hushika chuma tumboni kisiingie mwilini. Kwa hiyo anayekula kwa sababu ya upungufu huenda anauongeza. Na mayai ya minyoo je? Nayo hukaa udongoni.

Hapa Kotile maziwa tunayasifu, na ni chakula kizuri, ila yana chuma kidogo mno. Chai nayo, tuipendavyo, huzuia chuma cha chakula. Inywe saa moja au zaidi baada ya kula. Nyama ina chuma kinachoingia mwilini kwa urahisi. Ukipata kunde au majani yake kutoka mashamba ya kando ya Tana, kamulia ndimu.

Mjamzito, meza kidonge cha chuma unachopewa kliniki, kimoja kila siku. Choo kikiwa cheusi, usiogope, ni hicho chuma. Mwambie muuguzi waziwazi kwamba unakula udongo, ili akupime damu. Na ukimkuta mtoto analamba ukuta, usimchape. Mlete naye apimwe, na aulizwe habari ya dawa ya minyoo.