Kutoka Santuri hadi Kigeuzi: Majina ya Vyombo vya Kusikilizia Muziki

Miongoni mwa vyombo ambavyo bado havijapata jina lililotulia katika Kiswahili ni kile kinachopokea muziki uliohifadhiwa kwa tarakimu, katika simu au kompyuta, na kuugeuza kuwa mkondo wa umeme unaoweza hatimaye kusikika katika spika. Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi historia ya majina ya vyombo vilivyokitangulia, kisha kupendekeza jina.

Gramafoni ilipoingia katika nchi zetu, wasemaji hawakungoja kamati. Neno santuri, ambalo asili yake ni jina la ala ya nyuzi katika Kiarabu, lilihamishiwa kwenye chombo kipya na sahani zake. Neno kinanda nalo lilipanuliwa vivyo hivyo. Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo, sauti za waimbaji wa Kiswahili ziliingia katika santuri na kurudi kusikilizwa majumbani. Kaseti, iliyotolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, iliingia na jina lake la kigeni, likapokewa bila taabu.

Si kila jina lililofanikiwa hivyo. Kipaza sauti hutumika kwa chombo anachosemea mhutubu, na pia kwa kile kinachotoa sauti hiyo kwa wasikilizaji. Mfasiri wa maelezo ya mitambo hukwama hapo, kwani vyombo hivyo viwili hufanya kazi zinazopingana. Kosa la namna hiyo likikomaa, kulirekebisha ni vigumu.

Hatari kama hiyo inatukabili sasa. Matangazo ya televisheni ya analojia yalianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na katika mwaka 2013 zamu ya Arusha ikafika. Katika kipindi hicho neno king'amuzi lilienea mjini na hata katika vijiji vya chini ya Mlima Meru. Ni neno lililoundwa vizuri: kama amua inavyozaa mwamuzi, ndivyo ng'amua inavyozaa king'amuzi, chombo kinachotambua kilichofichwa ndani ya mawimbi. Kwa sababu ya ufanisi huo, ni rahisi msikilizaji wa Tengeru au Usa River kuingia dukani na kuomba "king'amuzi cha muziki". Muuzaji naye ataelewa nini?

Tofauti yenyewe ni hii. Katika santuri, mfereo uliochongwa hufuata umbo la wimbi la sauti. Katika sahani ya dijiti, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, wimbi hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa moja ya ngazi 65,536. Chombo chetu huzirudisha namba hizo kuwa umeme unaopanda na kushuka. Hapo hakuna siri inayong'amuliwa. Kuna umbo linalogeuzwa. Kwa hiyo, kwa kufuata kanuni ile ile, geua itupatie kigeuzi, na jina kamili liwe kigeuzi sauti. Wasomaji wasihofu kulichanganya na kigeugeu, ambalo litabaki kuwa sifa ya mtu asiyekuwa na msimamo.

Jina sahihi huokoa fedha. Simu, kompyuta na hata king'amuzi vina kigeuzi ndani yake. Basi mnunuzi ajiulize kwanza kama alicho nacho kina kasoro, mathalani mvumo usiokuwemo katika muziki. Tena, sikio la binadamu halisikii mitetemo inayozidi takriban 20,000 kwa sekunde, na vipimo 44,100 vyatosha kuihifadhi yote iliyo chini ya hapo. Chombo kinachonadiwa kwa idadi kubwa zaidi ya vipimo si lazima kisikike vizuri zaidi. Na kama udhaifu umo katika spika, au katika kikuza sauti, ambacho kazi yake ni kuongeza nguvu tu, kigeuzi cha bei kubwa hakitaponya kitu.

Tangu Baraza lilipoundwa mwaka 1967, imedhihirika kwamba istilahi haithibitiki kwa kuandikwa katika orodha pekee. Tunawaomba walimu wa fizikia na wafasiri walijaribu neno kigeuzi sauti darasani na katika maandishi yao, na watuletee maoni yao kabla desturi ya madukani haijatutangulia.