Tumbili wa Kenya: jinsi kizimba kinavyoudhuru ubongo

Mkazi wa Malukhu mjini Mbale, au wa Jinja, hahitaji kuelezwa tumbili ni mnyama gani: ndiye avunaye mahindi kabla ya mwenye shamba. Yanayompata mnyama huyo anapofungiwa kwa ajili ya utafiti hayajulikani na wengi.

Kati ya mwaka 1984 na 1986, baadhi ya tumbili waliokuwa wakifugwa katika kituo cha utafiti nchini Kenya walikufa wenyewe. Uchunguzi wa mizoga ulionyesha vidonda vya tumbo, tezi za adrenali zilizokua kupita kiasi na alama nyingi za kuumwa na wenzao. Matokeo yalichapishwa mwaka 1989 na wanasayansi kadhaa, miongoni mwao Robert Sapolsky wa Marekani.

Jambo zito zaidi lilikuwa ndani ya ubongo. Katika hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu, seli za neva zilikuwa zimeharibika. Tumbili wa kulinganishwa hawakuwa na uharibifu wa namna hiyo.

Sababu yake ni rahisi kuielewa. Porini, tumbili aliyeshindwa hukimbia na kujificha. Kizimbani hana pa kukimbilia. Huishi na mtesi wake usiku na mchana. Homoni ya kotisoli, ambayo humwokoa mnyama katika hatari ya muda mfupi, inapozidi kwa muda mrefu hudhuru mwili na ubongo.

Upweke nao una madhara. Nyani na jamaa zao wanaofungiwa peke yao huzunguka pale pale, huyumbayumba na hata kujing'oa manyoya. Huko California, majaribio ya miaka ya 1960 yalionyesha kuwa panya waliopewa wenzao na vitu vya kuchezea walikuwa na gamba la ubongo nene kuliko waliokaa peke yao katika vizimba vitupu.

Uganda ina mfano tofauti. Katika kisiwa cha Ngamba, Ziwa Victoria, sokwe waliookolewa tangu mwaka 1998 hushinda msituni na kurejea bandani jioni. Utafiti uliofanyika huko, na kuchapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba sokwe hutambua mwenzake aliye msaidizi bora na kumchagua.

Kwa hiyo suala la kizimba si la huruma pekee. Dawa nyingi hujaribiwa kwanza kwa wanyama, na mnyama aliyeharibiwa na hofu aweza kutoa majibu yatakayompotosha mganga na mgonjwa.