Kanuni za mwenendo katika michezo ya uigizaji mtandaoni: maelezo kwa wazazi na viongozi wa vijana

Mchezo wa uigizaji mtandaoni ni mchezo ambamo kila mchezaji anachukua nafasi ya mtu wa kubuni na kumwendesha mtu huyo katika dunia moja na wachezaji wengine, kwa njia ya intaneti. Mtu huyo wa kubuni anaitwa mhusika. Anaweza kuwa polisi, muuguzi, dereva wa teksi, mwizi, mfalme au mchawi wa hadithi. Hakuna aliyeandika hadithi yote mapema. Wachezaji wenyewe wanaijenga kwa maneno na matendo yao, siku kwa siku, na mara nyingine kwa miaka.

Kwa sababu mamia ya watu wasiojuana wanakutana mahali pamoja, kila jamii ya wachezaji inajiwekea kanuni. Wavuvi Wagenya wanajua jambo hili tangu zamani: penye maji makali na mitego mingi, bila utaratibu watu wataumizana. Makala haya yanaeleza kanuni hizo zilitoka wapi, zinasema nini, na zinawahusu vipi vijana wa Kisangani na wazazi wao.

Vijana wanacheza nini

Michezo mikubwa ya aina hii, kama ile inayochezwa juu ya GTA V, inahitaji kompyuta yenye nguvu, umeme usiokatika na mega nyingi. Ndiyo maana vijana wengi wa mji wetu wanacheza kwenye simu. Roblox, iliyoanza 2006, ina maelfu ya michezo midogo ndani yake, na mingi kati ya hiyo ni ya kuigiza maisha ya nyumbani, shuleni au mjini. Kuna pia makundi ya WhatsApp ambamo watu wanaigiza kwa kuandika tu, bila picha yoyote. Free Fire ya mwaka 2017 ni mashindano ya kupiga risasi, siyo uigizaji kamili, lakini wachezaji wake wanaunda vikosi vyenye viongozi na mazungumzo, na maswali ya mwenendo ni yale yale.

Wazazi wajue pia umri unaoruhusiwa. WhatsApp na Discord, ambako makundi mengi yanakutania, zinadai angalau miaka 13. GTA V imewekewa alama ya miaka 18 huko Ulaya, kwa sababu ya ukatili uliomo.

Kanuni zilitoka wapi

Mwaka 1974, huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza unaochezwa na watu walioketi kuzunguka meza moja. Hapo mwenendo ulilindwa na macho ya wenzako: ukimkosea mtu, yuko mbele yako. Mwaka 1978 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle, walianza kutengeneza mchezo wa namna hiyo kwenye kompyuta, na watu wengi waliweza kuingia pamoja. Meza ikatoweka, na macho ya wenzako yakatoweka nayo.

Mwaka 1993 tukio moja liliamsha wengi. Katika dunia ya maandishi iliyoitwa LambdaMOO, mchezaji mmoja alitumia programu kuandika kwamba wahusika wa wengine wanatendewa ukatili wa kingono mbele ya watu, bila wenyewe kuweza kukataa. Hakuna mwili ulioguswa. Hata hivyo, mmoja wa waliotendewa alilia machozi ya kweli. Jamii ile ilijadiliana kwa siku kadhaa, mhusika yule akafutwa, na baadaye mwanzilishi, Pavel Curtis, akaweka utaratibu wa wachezaji kutoa maombi na kupiga kura. Tangu hapo imekuwa vigumu kusema kwamba maneno ya mchezoni hayaumizi.

Kanuni kuu na maana zake

Kila jamii ina maneno yake, lakini kanuni zifuatazo zinapatikana karibu kila mahali.

1. Mhusika siyo mchezaji. Mhusika wangu akigombana na wako, mimi na wewe hatujagombana. Mwenye kuchukua hasira ya mchezo na kuipeleka kwa mwenzake nje ya mchezo amevunja kanuni. Vilevile mwenye kutumia mchezo kulipiza kisasi cha nje.

2. Habari za nje zisiingizwe ndani. Rafiki akikuambia kwa simu mahali adui amejificha, mhusika wako bado hajui. Kutumia habari hiyo ni udanganyifu.

3. Usiamue matokeo peke yako. Mchezaji anaandika anachojaribu kufanya, siyo kile kilichompata mwingine. "Ninajaribu kumkamata mkono" inakubalika. "Nimemkamata na hawezi kutoroka" haikubaliki, kwa maana inamnyang'anya mwenzako nafasi ya kujibu.

4. Usiue bila sababu ya hadithi. Kumpiga risasi au kumgonga kwa gari mtu uliyekutana naye tu, bila kisa chochote kati yenu, ni kosa. Pia mhusika anayeelekezewa silaha anatakiwa aogope kama mtu anayethamini uhai wake.

5. Aliyeuawa harudi na kumbukumbu. Mhusika akifa na kuruhusiwa kuanza tena, hajui nani alimwua na harudi kulipiza.

6. Ridhaa kwanza. Mambo mazito kama mateso hayaigizwi bila kila mhusika wa kisa hicho kukubali, na yeyote anaweza kusimamisha. Ukatili wa kingono unakatazwa kabisa katika jamii nyingi. Palipo na mtoto, jambo lolote la zinaa limefungwa, bila mjadala.

7. Hakuna matusi ya kabila, rangi, dini au ulemavu, hata kwa kisingizio kwamba "ni mhusika wangu ndiye aliyesema".

8. Usitoe siri za mtu. Jina lake halisi, picha, shule, mtaa na namba ya simu ni mali yake. Asiyezitoa mwenyewe asitolewe na mwingine.

9. Hakuna wizi wala programu za udanganyifu. Kuomba neno la siri la akaunti ya mwenzako, hata kwa ahadi ya zawadi, ni dalili ya mwizi.

Nani anasimamia

Kanuni bila msimamizi ni karatasi tu. Jamii iliyopangwa vizuri ina wasimamizi wanaojulikana, na ina ngazi za adhabu: onyo, kutolewa kwa muda, kufungiwa siku kadhaa, na mwishoni kufukuzwa kabisa. Anayelalamika anatakiwa kuleta ushahidi, kama picha ya skrini au video. Anayeshtakiwa anasikilizwa, na anaweza kukata rufaa kwa msimamizi mwingine ambaye hakuhusika. Mahali ambapo msimamizi mmoja ni mlalamikaji, hakimu na mtekelezaji, vijana wanajifunza uonevu, siyo haki.

Makosa mawili ya wazazi

La kwanza ni kusema, "Ni mchezo tu." Nyuma ya kila mhusika kuna mtu, na mtu huyo anaweza kuwa mzima anayejifanya ana miaka 12. Njia yake inajulikana: anaanza na zawadi ndani ya mchezo, anamvuta mtoto kwenye mazungumzo ya faragha, anamwambia asimwambie mzazi, kisha anaomba picha. Baada ya picha vinakuja vitisho.

La pili ni kusema, "Ni uchawi." Katika miaka ya 1980 makanisa mengi ya Marekani yalishutumu Dungeons & Dragons kuwa mlango wa mashetani. Kwetu neno hilo ni hatari zaidi. Katika miji yetu watoto wengi wamejikuta barabarani kwa sababu walisingiziwa uchawi na watu wa nyumba yao. Mtoto anayekesha na simu, anayeongea peke yake usiku na kutaja majina ya mazimwi, anaweza kuangukia lawama hiyo kwa urahisi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inayolinda mtoto, inaadhibu katika kifungu cha 160 mtu anayemshtaki mtoto kwa uchawi. Mchungaji au mzee wa kanisa hayuko nje ya sheria hiyo. Mtoto anayekesha anahitaji usingizi na mipaka, siyo maombi ya kumtoa pepo mbele ya mkutano.

Kwa nini jambo hili ni zito Kisangani

Mji huu unajua risasi za kweli. Kutoka tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya nyumba zetu, na tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya miaka ile. Tangu 2023 mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umeua watu na kuwaleta wakimbizi wengi mjini, hasa katika komini ya Lubunga. Watoto wa familia hizo wanasoma na kucheza pamoja na watoto wengine.

Kwa hiyo kanuni ya 7 hapa siyo adabu tu. Neno la dharau juu ya kabila, lililosemwa usiku mchezoni, linaweza kufika shuleni asubuhi. Na kanuni ya 6 inamlinda mtoto aliyeona panga kwa macho yake asilazimishwe kuigiza tena alichokikimbia. Kiongozi wa vijana asimuulize mtoto huyo mbele ya wengine kwa nini hataki kucheza. Ampe nafasi ya kutoka bila maelezo.

Sheria za nchi

Mchezo hauko nje ya nchi. Ordonansi-sheria namba 66-342 ya tarehe 7 Juni 1966 inaadhibu chuki ya rangi na ya kabila. Sheria ya mtoto ya 2009 inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na inaadhibu kutengeneza, kusambaza au kuweka picha chafu za watoto. Kanuni ya Dijitali, iliyotolewa kwa ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inaadhibu pia unyanyasaji unaofanywa kwa mawasiliano ya elektroniki. Basi anayemtishia mtoto kwa picha hawezi kujitetea kwamba alikuwa anaigiza.

Palipo na kanuni nzuri

Tusiseme mabaya tu. Mats Steen, kijana wa Norway aliyekuwa na ugonjwa wa kudhoofisha misuli, alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 25. Wazazi wake walidhani aliishi bila marafiki, kwa kuwa alishinda mbele ya kompyuta akicheza World of Warcraft. Walipotangaza kifo chake, ujumbe ukaja kutoka nchi mbalimbali: amewafariji watu, ameshauri familia, amepatanisha. Baadhi ya wenzake wa mchezo walisafiri kwenda kumzika. Kundi lake lilikuwa na utaratibu, na ndani ya utaratibu huo upendo ulipata nafasi.

Mambo ya kufanya

Kwa mzazi: mwombe mtoto akuonyeshe kanuni za kundi lake. Muulize maswali manne. Nani msimamizi? Kuna watu wazima usiowajua? Kuna mtu amekuomba picha au siri? Ukitaka kutoka, unaweza? Kundi lisilo na kanuni, au lenye msimamizi asiyejulikana, siyo mahali pa mtoto. Pangeni pia saa ya kuzima simu, na simu ilale nje ya chumba cha watoto.

Kwa kiongozi wa vijana: kama vijana wa parokia wana kundi lao, waandike wenyewe kanuni zao, zisizidi kumi, kwa lugha wanayoisema. Wawekeni wasimamizi wawili wazima, mama mmoja na baba mmoja, na mtu mzima asizungumze na mtoto faraghani kwenye simu.

Mambo yakiharibika: usifute ujumbe, kwa maana ndio ushahidi. Piga picha ya skrini, andika tarehe na jina la akaunti, mfungie mtu huyo, mtoe taarifa kwa wasimamizi wa mchezo. Kama kuna vitisho au picha za mtoto, nenda polisi au kwenye parke pamoja na mtu unayemwamini, na usizitume picha hizo kwa yeyote, hata kwa nia ya kuonya.

Zaidi ya yote, usianze kwa fimbo wala kwa kunyang'anya simu. Mwenye kutishia mtoto hutegemea jambo moja: kwamba mtoto anamwogopa mzazi wake kuliko anavyomwogopa yeye. Mtoto aliyesema ukweli na kupigwa hatasema mara ya pili. Msikilize hadi mwisho, mshukuru kwa kusema, kisha mtengeneze pamoja.