Kutoka Nagana hadi Malale: Dawa Iliyofunga Kiwanda cha Kijidudu

Hapa Alexandra Kizulu husikika kila kona, na ni kutoka lugha hiyo sayansi ilipochukua neno "nagana", maradhi ya mifugo yanayoenezwa na mbung'o. Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tunamfahamu ndugu yake anayeshambulia binadamu: malale. Historia za maradhi haya mawili zimeungana, na zinatufikisha kwenye jambo dogo mno ndani ya seli: jinsi protini zinavyotengenezwa.

Daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, aligundua kijidudu cha nagana huko Ubombo, Zululand, miaka ya 1894 na 1895. Mwaka 1901 madaktari Albert na Jack Cook wakawatambua wagonjwa wa malale katika hospitali ya Mengo, Uganda. Mwaka uliofuata Aldo Castellani aliona vijidudu katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Bruce alipofika Entebbe mwaka 1903, alionyesha kwamba hata hapa mwenezaji ni mbung'o. Kufikia mwaka 1920 zaidi ya watu 200,000 walikuwa wamekufa, hasa Busoga na pwani ya Ziwa Victoria.

Kwa miaka mingi, mgonjwa ambaye vijidudu vilikwisha kumwingia ubongoni alitibiwa kwa melasoproli, dawa yenye arseniki iliyoanza kutumika mwaka 1949. Dawa yenyewe iliwaua wagonjwa wapatao 5 katika kila 100. Daktari alichoma sindano huku akijua hatari hiyo.

Nafuu ilitoka upande usiotarajiwa. Kila seli hai ina poliamini, kemikali ndogo zenye chaji chanya. Kwa kuwa RNA ina chaji hasi, poliamini huishikilia na kuisaidia kukaa katika umbo lake, na ribosomu, yaani viwanda vya protini, hufanya kazi vizuri zaidi. Poliamini mojawapo, spemidini, hutumika pia kukamilisha protini iitwayo eIF5A. Bila protini hiyo ribosomu hukwama njiani inapounganisha baadhi ya sehemu za mnyororo wa protini. Seli isiyo na poliamini haiwezi kukua.

Watafiti walikuwa wametengeneza eflonithini, dawa ya kuzuia kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa poliamini, wakitumaini itatibu saratani. Mwaka 1980 Cyrus Bacchi na wenzake, huko New York, waliripoti kwamba iliponya panya wenye vijidudu vya jamii ya malale. Miaka michache baadaye wagonjwa walitibiwa nayo Sudan. Wengine walizinduka kutoka usingizi mzito, ndiyo maana ikaitwa dawa ya ufufuo.

Kwa nini haimdhuru sana mgonjwa? Seli zetu hukitengeneza upya kimeng'enya hicho haraka, lakini kijidudu cha malale ya Gambia hukitengeneza polepole. Kikizuiwa, kijidudu hukosa poliamini na kuacha kuongezeka, kisha kinga ya mwili humalizia kazi. Kijidudu cha malale ya Rhodesia, kinachosumbua Busoga, nacho hukibadilisha haraka. Kwa hiyo dawa iliyowafaa watu wa kaskazini-magharibi mwa Uganda haikuwafaa wenzao wa Busoga.

Marekani iliidhinisha eflonithini mwaka 1990, lakini miaka michache baadaye utengenezaji ulisimama: waliougua hawakuwa na fedha za kuinunua. Mwaka 2000 dawa hiyohiyo ikaidhinishwa Marekani kama krimu ya kupunguza nywele za usoni kwa wanawake. Baada ya Madaktari Wasio na Mipaka na Shirika la Afya Duniani kupaza sauti, mwaka 2001 kampuni ya Aventis ilikubali kuitoa bure. Mgonjwa alihitaji dripu 56 kwa siku 14. Tangu mwaka 2009, ikichanganywa na vidonge vya nifurtimoksi, dripu zimepungua hadi 14 kwa siku 7.

Tumezoea kusema kwamba ujuzi huponya. Historia hii inatuonyesha kwamba ujuzi ulikuwapo, dawa ilikuwapo, na bado wagonjwa waliendelea kuchomwa arseniki. Wanafunzi wa sayansi miongoni mwetu wajifunze poliamini, na wajifunze pia kuuliza nani atailipia dawa ya maskini.