Mahali pa Mtu Katika Jumba la Globe

Mtu anunuapo tikiti ya kuingia katika jumba la michezo ya kuigiza, aghalabu hudhani kuwa ubora wa kiti hujulikana kwa bei yake: aliye karibu na jukwaa amelipa zaidi, na aliye mbali amelipa kidogo. Desturi hiyo imezoeleka hata ikaonekana kuwa ni sheria ya maumbile. Lakini historia ya jumba la Globe, ambamo michezo mingi ya Shakespeare ilichezwa, yashuhudia kuwa mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo.

Globe lilijengwa mwaka 1599 kusini ya mto Thames, mjini London, kwa mbao zilizotokana na jumba jingine lililobomolewa kaskazini ya mji. Umbo lake lilikaribia duara. Katikati palikuwa na ua usio na paa, na jukwaa lilichomoza ndani ya ua huo. Roshani tatu, moja juu ya nyingine, ziliuzunguka ua. Michezo ilichezwa alasiri kwa nuru ya jua. Kwa hiyo mchezaji aliwaona watazamaji wazi kama wao walivyomwona yeye, na watazamaji nao walionana wao kwa wao.

Mwaka huo huo Thomas Platter, msafiri kutoka Uswisi, aliingia katika majumba ya London akaandika habari za malipo yake. Aliyetaka kusimama uani alilipa peni moja. Aliyetaka kuketi aliongeza peni ya pili. Aliyetaka mto wa kukalia, mahali pazuri kupita pote, aliongeza ya tatu. Na sifa ya mahali hapo, kwa maelezo ya Platter, ilikuwa kwamba mtu aliweza kuona kila kitu na kuonekana vilevile. Sifa hii ya pili haikuwa ndogo. Vyumba vya mabwana vilikuwa juu, nyuma ya jukwaa. Bwana aliyeketi huko mara nyingi aliambulia migongo ya wachezaji, lakini kila jicho lililoelekea jukwaani lilimkuta na yeye. Mwaka 1609 mwandishi Thomas Dekker alitunga kitabu cha dhihaka, akimfundisha kijana mwenye majivuno kuketi juu ya jukwaa lenyewe ili mavazi yake yasikose mashahidi. Basi wapo walionunua kutazama, na wapo walionunua kutazamwa.

Maskini je? Wahenga walisema rahisi ni ghali, na kweli mtu wa uani aliilipia nafuu yake: jua lilimchoma, mvua ilimlowesha, miguu ilimchoka, na nguzo mbili kubwa za jukwaa ziliweza kumfichia tendo alilolingojea. Hata hivyo, wachache walikuwa karibu na mchezaji kuliko yeye. Katika Hamlet, mwana wa mfalme anawabeza watu wa uani kuwa hawaelewi ila makelele na maigizo ya kibubu. Lakini maneno hayo yalisemwa na mchezaji aliyewaona watu wenyewe mbele ya miguu yake. Kama wasingalikuwa na akili ya kulisikia tusi, tusi lenyewe lisingalikuwa na ladha.

Mpango huo ulipinduka ndani ya nyumba. Mwaka 1608 kundi la Shakespeare lilitwaa jumba la Blackfriars, lenye paa na mishumaa. Humo bei ya chini kabisa ilikuwa peni sita, na watu wote waliketi. Walio mbele ya jukwaa walilipa zaidi. Aliyelipa kidogo alipandishwa juu, mbali. Bunge la Uingereza liliyafunga majumba yote mwaka 1642, na yalipofunguliwa tena mwaka 1660, majumba yenye paa ndiyo yaliyoshika njia. Hivyo ukaribu, uliokuwa haki ya mwenye peni moja, ukawa mali ya mwenye fedha.

Globe jipya lilifunguliwa mwaka 1997, karibu na mahali pa lile la kale, na ua wa watu wa kusimama ukarudishwa. Mwaka 2012 kundi kutoka Kenya lilicheza humo kwa Kiswahili mchezo wa Shakespeare wa wanawake wa Windsor. Siku hiyo mizani ya tatu ilidhihirika. Asiyejua Kiswahili, hata angeketi juu ya mto mahali palipo bora kabisa, aliona sura na mavazi. Ajuaye Kiswahili, hata angesimama nyuma ya nguzo, alipata mzaha wote. Wapo watu wa zama za Shakespeare waliosema kwamba wanakwenda kuusikia mchezo. Hawakukosea: mchezo uliotungwa kwa maneno una sehemu yake bora katika sikio, na sehemu hiyo haikupata kuuzwa mlangoni kwa bei yoyote.