Mita 60 Kutoka Wapi? Mto Msimbazi na Kipimo cha Hatari ya Mafuriko Dar es Salaam

Kila masika, Jangwani ikifurika na Barabara ya Morogoro ikifungwa, husikika kauli ileile: mafuriko ya Dar es Salaam yameletwa na wavamizi wa mabondeni. Kauli hii ina sheria nyuma yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016, hoja hiyo ndiyo iliyotangulia matingatinga Hananasif na jirani zake, baada ya kuta kupigwa alama nyekundu ya X. Makala hii inadai kwamba kipimo chenyewe kina kasoro. Mita 60 hupima umbali, ilhali mafuriko ni suala la kimo.

Kwamba bonde la Msimbazi ni la hatari, hakuna anayebisha. Mpango mkuu wa jiji wa 1979 uliliweka katika ardhi hatarishi, na mvua za Desemba 2011 zilizoua watu zaidi ya 40 zilithibitisha hilo kwa namna ya kuhuzunisha. Ubishi unaanza pale hatari hiyo inapogeuzwa kuwa kosa la waliojenga pembezoni mwa mto. Nadharia ya uvamizi haiwezi kueleza karakana ya mabasi yaendayo haraka pale Jangwani. Haikujengwa usiku kwa mabati chakavu. Ilibuniwa na wahandisi, ikapata fedha na vibali, ikaanza kutumika 2016, na maji yakaifikia hata hivyo, si mara moja. Kama mwenye ramani na mwenye kiroba cha mchanga mlangoni wanazama pamoja, tatizo haliwezi kuwa ukosefu wa kibali.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi ni mdogo kwa umbo: kizingiti cha mlango. Pita Kigogo au Hananasif kiangazi, wakati mto umenywea hadi mtu anauvuka kwa kukunja suruali. Mbele ya milango mingi utakuta ukuta mfupi wa tofali, ambao mwenyeji huuruka bila kufikiri na mgeni hujikwaa. Ukiinama utaona haukujengwa siku moja. Safu ya chini imeota ukungu. Ya juu yake ina saruji ya rangi nyingine. Ya tatu bado ina alama za mwiko. Kila safu ni jibu kwa maji yaliyovuka safu iliyotangulia. Kwa lugha yetu ya kitaaluma, hiyo ni kumbukumbu ya vimo vya mafuriko, na imetunzwa na watu ambao hakuna aliyewaomba waitunze.

Kwa nini safu zinaongezeka? Mvua ni sehemu ya jibu: hewa iliyopata joto zaidi kwa nyuzi 1 ya selsiasi inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, hivyo mvua kubwa inazidi kuwa kubwa. Lakini sehemu nyingine iko chini ya miguu. Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, kilomita kama 35 kutoka baharini, ukipita Vingunguti, Tabata na Kigogo kabla ya kumwaga maji karibu na Daraja la Salenda. Jiji lililokuwa na watu milioni 2.5 mwaka 2002 lilihesabiwa kuwa na milioni 5.4 mwaka 2022, na wengi wamejenga huko juu, kwenye miteremko iliyovuliwa miti na barabara za udongo. Mvua inazoa mchanga. Mchanga unatua pale mto unapopoteza kasi, yaani Jangwani. Nafasi chini ya daraja inapungua, mitambo inaletwa kuchota, na masika yanayofuata yanaurudisha. Sakafu ya mto ikipanda, maji yaleyale yanafika mbali zaidi. Ukingo wenyewe unahama, na mita 60 zinahama nao. Aliyejenga kihalali jana ni mvamizi leo bila kusogeza tofali.

Watasema waliohamishiwa Mabwepande baada ya 2011 waliokolewa. Kweli, na sipingi kuhamisha watu pale ambapo maji yanaua. Napinga kuuita uhamisho huo mpango wa mafuriko. Anayeishi kwa kibarua cha Kariakoo hali umbali. Kiwanja cha pembezoni kisicho na nauli ya kila siku hakimtoshi, ndiyo maana baadhi walirudi bondeni.

Mradi wa Bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2022, umekwenda mbele zaidi: daraja refu jipya Jangwani, fidia kwa wanaohama, bustani ya kupokea maji, na ardhi itakayoinuliwa ili ijengwe. Shaka yangu iko kwenye hiyo ardhi ya kuinuliwa. Kimo chake kinatokana na mvua iliyokokotolewa kwa kumbukumbu za miaka iliyopita na makadirio ya ijayo, na vyote viwili vitapitwa. Tayari upo mfano wa kujazia: kuanzia 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi katika Ramani Huria walichora mifereji mtaa kwa mtaa na kuuliza maji yalifika wapi mwilini, kifundoni, gotini au kiunoni. Kazi hiyo ifanywe upya kila baada ya masika, vizingiti vipimwe, na eneo la katazo lichorwe kwa kimo kilichofikiwa, likiwa na tarehe ya kupitiwa upya. Na sehemu ya fedha ipande Pugu na Kisarawe kushika mchanga kabla haujashuka. Bila hivyo, nadiriki kusema, daraja jipya nalo litasubiri mitambo ya kuchota.